Kliniki ya Macho Iliyofutwa

Kila siku akitoka shule, Chapchap alitupa mkoba kitini, akavua viatu bila kufungua kamba, akawasha kompyuta ya shangazi yake, yote kwa mpigo mmoja. Jina lake halisi lilikuwa katika rejista ya darasa la saba, na huko ndiko lilikokaa. Mtaani, dukani na hata kwa mwalimu mkuu aliitwa Chapchap, kwa sababu hakuna kazi aliyoifanya taratibu. Akitumwa chumvi, alirudi kabla aliyemtuma hajakaa vizuri. Mara nyingine alirudi na sukari, lakini alirudi upesi.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ofisi. Palikuwa na meza mbili, mashine ya kuchapisha iliyokohoa kila ilipomeza karatasi, na feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia. Shangazi, aliyemlea tangu darasa la kwanza, alikuwa fundi wa tovuti. Alitengeneza kurasa za mtandao za watu wa mji ule: mwenye nyumba ya wageni, mwenye duka la vipuri, na zaidi ya wote ukumbi wa jamii uliokuwa ng'ambo ya barabara. Ukumbi ule haukukosa shughuli. Leo mkutano, kesho arusi, keshokutwa chanjo za watoto, na kila shughuli ilitakiwa ionekane kwenye simu za watu.

Chapchap alipoonyesha hamu ya kujua kazi hiyo, Shangazi alimfundisha.

"Ukurasa wa tukio una sehemu mbili," alimwambia. "Hii inasomwa na watu. Ina picha na maneno matamu. Hii nyingine msomaji haioni. Ni lebo, na zinasomwa na mtambo wa kutafutia. Mtu akiandika kwenye simu yake 'mkutano wa wazazi', mtambo unazisoma lebo: jina la tukio, siku, saa ya kuanza, mahali, na hali ya tukio, yaani kama lipo, limeahirishwa au limefutwa. Halafu unamwonyesha kikadi kidogo chenye hayo yote, hata kabla hajafungua ukurasa wetu."

"Kwa hiyo wengine hawaufungui kabisa?"

"Wengi hawaufungui. Wanaamini kikadi, wanaweka simu mfukoni, basi. Na mtambo hauna akili ya kukisia, mama. Ukiuandikia kwamba arusi ni msiba, watu watakuja na nyuso za kulia."

Ndiyo maana Shangazi alikuwa na desturi asiyoivunja, waliyoiita kusomeana. Kabla ukurasa haujatolewa, mtu mmoja alisoma lebo zote kwa sauti kutoka kwenye skrini, na mwingine alisikiliza. Msikilizaji hakuhitaji kujua kompyuta. Alihitaji masikio na ujasiri wa kuuliza. Wakimaliza, kila mmoja alitia alama yake katika daftari la bluu. Chapchap aliiona kazi hiyo inachosha bure, maana kompyuta yenyewe ilikuwa na kikaguzi. Ukikibonyeza, kilizipitia lebo zote na kuweka alama ya kijani kama hakikuona kosa.

"Kijani inakuambia umeandika inavyotakiwa," Shangazi alimweleza zaidi ya mara moja. "Haijui kama ulichoandika ni kweli."

Chapchap aliitikia kwa kichwa kila alipoambiwa hivyo, na kila mara aliendelea kuipenda ile kijani.

Mlango wa tatu kutoka kwao alikaa mshonaji aliyeitwa Mama Pindo. Nusu ya sare za shule ya Chapchap zilipita mikononi mwake, na pindo zake hazikufumuka hata mvaaji akikua na sketi kumfupia. Miezi hiyo Mama Pindo alikuwa anaumwa kichwa upande mmoja, na akitazama taa aliona duara za rangi zikiizunguka. Nesi wa zahanati alimwambia ana presha ya macho. Maji yaliyo ndani ya jicho yalikosa njia ya kutokea, yakabana mshipa wa kuonea. Dawa ya matone ingesaidia kwa muda tu. Kilichohitajika ni mashine ya mwanga ya kutoboa kitundu kidogo ndani ya jicho, nayo haikuwepo mjini pale. Waliokuwa nayo ni madaktari wa macho waliozunguka mji hadi mji, na walikuwa njiani.

"Siku yenyewe bado haijajulikana," nesi alimwambia kila mgonjwa. "Tafuteni kwenye simu zenu 'kliniki ya macho'. Ukumbi ukishapangwa, mtaona."

Barua ya madaktari ilifika Jumatano jioni. Wangekuwa ukumbini Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, bila malipo. Usiku huohuo Shangazi alipata habari ya kufiwa na wifi yake. Alfajiri alifunga mzigo wake mdogo huku macho yamemvimba.

"Tukio la macho utaliweka wewe leo ukitoka shule," alimwambia Chapchap. "Unajua kulifanya. Lakini mkasomeane na Mama Pindo. Mwite aje asikilize. Asiposikiliza yeye, usilitoe."

"Sawa, Shangazi. Wala usijali."

Alhamisi hiyo timu ya mpira wa pete ya shule ilicheza saa kumi, na Chapchap ndiye mfungaji. Aliingia ofisini saa tisa na nusu, jasho likimtoka. Kuandika lebo mpya kutoka mwanzo kungemchelewesha, kwa hiyo alifungua tukio lililotangulia, onyesho la muziki la wiki iliyopita, akanakili lebo zake zote. Akabadilisha jina, siku, saa, na jina la mwandaaji. Akabonyeza kikaguzi. Kijani. Akautoa ukurasa.

Daftari la bluu lilikuwa wazi mezani. Mlango wa Mama Pindo haukuwa mbali hata hatua thelathini, na sauti ya cherehani yake ilisikika pale alipokaa. Chapchap alitazama saa ya ukutani. Akatia alama yake, kisha akaandika M.P. pembeni kwa mkono uliolala upande, ufanane na wa mtu mwingine. Shangazi alipopiga simu jioni kuuliza, alijibu bila kupepesa, "Tumeshasomeana. Hakuna tatizo." Timu yao ilikuwa imeshinda, na alilala akiwa na furaha.

Jumamosi saa sita mchana alipita mbele ya ukumbi akitoka sokoni. Alitarajia foleni hadi barabarani. Aliona viti mia moja vitupu, madaktari watatu wenye makoti meupe wamekaa mikono mapajani, na wagonjwa wanne tu. Mashine ya mwanga ilikuwa imefunikwa kitambaa. Daktari mwanamke, mkuu wao, alikuwa anatazama nje na uso wa mtu aliyetukanwa.

Getini mwanamume mmoja alikuwa anamshangaa mwenzake.

"Kumbe wapo? Mimi nimepita tu. Mbona kwenye simu imeandikwa limefutwa?"

"Hata mimi nimeona hivyo. Mke wangu hakuja kwa sababu hiyo."

Chapchap aliwasikia. Alikimbia nyumbani, akafungua zile lebo, akazisoma moja moja kwa kidole, kama alivyopaswa kufanya Alhamisi. Jina, sawa. Siku, sawa. Saa, sawa. Mahali, sawa. Hali ya tukio: limefutwa. Onyesho la muziki la wiki iliyopita lilifutwa kwa sababu paa la ukumbi lilivuja, na Shangazi alikuwa ameandika hivyo. Yeye aliinakili lebo hiyo pamoja na nyingine, na kikaguzi kikampa kijani, kwa kuwa tukio kufutwa si kosa la uandishi. Kwa siku mbili kila aliyetafuta kliniki ya macho alionyeshwa kikadi chenye jina la kliniki, siku, mahali, na chini yake neno jekundu: Limefutwa.

Alilirekebisha palepale. Alijua pia kwamba haitasaidia. Mtambo hausomi kurasa zote kila dakika, na mabadiliko yangeonekana kesho au keshokutwa. Hata hivyo madaktari walikuwa bado ng'ambo ya barabara. Angeweza kwenda kwao. Angeweza kupita nyumba kwa nyumba akipiga kelele. Alisimama mlangoni, akaona mtaa mzima utakavyomtazama, akamwona Shangazi akisoma ile M.P. katika daftari. Akarudi ndani, akafunga mlango, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Saa kumi alisikia gari la madaktari likiondoka.

Shangazi alirudi Jumapili, amechoka. Alishangaa kusikia watu hawakwenda, akafungua lebo, akaona kila kitu kiko sawa. "Watu nao," alisema tu, akaenda kulala. Chapchap alipata ahueni.

Usiku wa Jumapili jicho la kulia la Mama Pindo lilibana ghafla. Alitapika kwa maumivu hadi asubuhi, na majirani wakamkimbiza hospitali kubwa, mwendo wa saa tano kwa gari. Walimrudisha Jumanne. Jioni hiyo Shangazi alimchukua Chapchap wakaenda kumjulia hali.

Mama Pindo alikuwa amekaa kitandani, kipande cha pamba kimefunika jicho la kulia. Cherehani ilikuwa pembeni na sketi ya shule imebaki chini ya sindano, upande mmoja una pindo na mwingine hauna.

"Karibuni, jamani. Kaeni hapo kwenye vitambaa, msijali."

"Pole sana, dada," Shangazi alisema. "Wamesemaje?"

"Hili limekwenda. Wamesema mshipa umekufa, hakuna wa kuufufua." Alisema bila kulia, kama mtu anayeeleza habari za jirani. "La kushoto nalo lina ugonjwa huohuo. Lisipotobolewa ndani ya wiki chache litafuata. Mashine ya kule imeharibika. Wale madaktari wanaozunguka wamepigiwa, wamesema mji wetu wameshautoa kwenye ratiba. Walikuja tukawadharau. Hadi mwakani."

"Lakini wewe ulikuwa unawasubiri. Mbona hukwenda?"

Mama Pindo alishusha uso. "Hilo ndilo linaloniua. Ijumaa nilitafuta kwenye simu, nikaona limeandikwa limefutwa. Nikashukuru kwamba sitapoteza siku, nikaendelea kushona, na Jumamosi nzima sikutoka nje. Jana nesi wa kule hospitali akanifungulia tena, hakuna neno hilo. Lipo tukio, siku ipo, mahali papo. Macho mabovu, dada. Nilisoma kisichokuwepo. Nimejipofusha mwenyewe."

"Haiwezekani. Wewe si ndiye uliyesomewa lebo na mtoto huyu Alhamisi? Ulisikia kwa masikio yako kwamba lipo."

Mama Pindo alikunja uso akijaribu kukumbuka. Mkono wake ulipapasa shuka. "Alhamisi? Huyu alikuja?" Alifikiri sana. "Labda alikuja nikasahau. Itakuwa alikuja. Basi na akili nayo inaondoka, dada. Macho, kisha akili. Sasa nitafaa kwa lipi?"

Chapchap alikuwa akiitazama ile sketi muda wote huo. Alitamani sakafu imfunike. Alijua kwamba akinyamaza sasa, mwanamke huyu ataishi maisha yake yote akiamini kwamba amejipofusha na kwamba akili zinamtoka, na hakuna atakayembishia.

"Sikuja," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaisukuma. "Sikuja, Mama Pindo. Hukusahau. Na ulisoma sawasawa. Liliandikwa limefutwa. Niliandika mimi."

Akasema yote: onyesho la muziki, mpira wa pete, M.P. aliyoiandika kwa mkono uliolala, simu ya Shangazi, na Jumamosi saa sita. Alipofika hapo alitaka kuruka, lakini alilisema pia. Alisema alirekebisha kimya kimya, akafunga mlango, akaosha vyombo.

Shangazi alikuwa amejishika kinywa. Mama Pindo aligeuza jicho lake la kushoto kumtazama, akamtazama muda mrefu, kisha akageukia ukutani.

"Nendeni," alisema. "Nendeni tu."

Nje, Chapchap alisubiri kugombezwa. Shangazi hakumgombeza. Alimkalisha mbele ya meza ya ofisi, akapiga namba ya yule daktari mkuu, akaweka simu mezani ikiwa na sauti kubwa.

"Mweleze mwenyewe," alisema.

Daktari alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza, "Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu, Daktari."

"Katika ripoti yetu nimeandika kwamba watu wa huko hawajali macho yao. Nimeandika kwa hasira, na nimesaini. Kumbe waliambiwa wasije. Kama ungepiga simu hii Jumamosi, tungebaki. Tulikaa pale siku nzima bila kazi. Unanielewa?"

"Ninaelewa."

"Nitaifuta ripoti. Tukimaliza huku tutarudi kwenu Jumatatu ijayo, siku moja tu. Safari hii hakikisheni watu wanajua."

Kesho yake Chapchap aliandika lebo upya, kuanzia tupu, bila kunakili chochote. Aliubeba uandishi wote kwenye karatasi hadi kwa nesi wa zahanati, kwa sababu Mama Pindo hakufungua mlango, akamsomea neno kwa neno. Nesi alimsimamisha mara mbili kuuliza, naye akajibu. Lakini Shangazi hakuridhika na simu peke yake. Alimpa orodha ya wagonjwa iliyotoka zahanati, majina sitini na mawili, akamwagiza apite kwa kila mmoja baada ya shule na kusema mambo mawili: kliniki ni lini, na nani aliyesababisha wakaikosa ya kwanza.

Kazi hiyo ilichukua siku nne. Wengine walimpa pole, jambo lililomuumiza zaidi. Mzee mmoja alimfungia mlango usoni. Mama mwenye mtoto mwenye makengeza alimwambia maneno ambayo Chapchap hakuyarudia kwa mtu yeyote. Shuleni mfungaji mpya wa mpira wa pete alichaguliwa, na Chapchap hakuuliza kwa nini.

Jumatatu viti mia moja havikutosha. Watu walikaa ngazini, wengine walisimama wakijifunika jua kwa vyeti vyao. Mashine ya mwanga haikupumzika. Mama Pindo alikuja ameshikwa mkono na nesi, akaingia bila kumtazama mtu. Alikaa ndani karibu saa nzima, na Chapchap alingoja nje pamoja na Shangazi. Daktari alitoka mlangoni mara moja, akawatazama.

"La kushoto limepona," alisema. "Ataona ukungu leo, kesho litatulia. La kulia, hapana. Hilo nisingeweza hata kama ningekuwa na mashine kumi."

Alirudi ndani. Chapchap alianza kulia, na Shangazi alimwacha alie kwanza.

"Sikiliza, mama," alisema baadaye. "Kunakili ile lebo lilikuwa kosa. Hata mimi nimewahi kukosea, na ndiyo maana tunasomeana. Kuandika jina la mtu asiyekuwepo ulikuwa uongo, na uongo huo ulifungua njia. Lakini Jumamosi saa sita ulikuwa unajua. Madaktari walikuwa hapa. Mashine ilikuwa hapa. Muda wa saa nne nzima ulikuwa umebaki, na Mama Pindo alikuwa amekaa kwenye cherehani yake mlango wa tatu. Jicho lake lilipotea katika saa zile nne ulizonyamaza. Ukikosea, sema saa ileile, hata kama unatetemeka, maana ndipo bado kuna kitu cha kuokoa. Nakuambia hivi si kwa sababu sikupendi."

"Najua, Shangazi."

Mama Pindo alitokeza mlangoni, mkono mmoja ukutani. Nesi alikuwa ameitwa ndani. Alisimama pale akipepesa jicho moja dhidi ya mwanga, asione vizuri barabara ilipoanzia, na pikipiki zilikuwa zinapita. Chapchap alifuta uso, akaenda akasimama mbele yake.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama Pindo."

Pikipiki mbili zilipita, kisha ya tatu.

"Bado sijaweza kukusamehe," alisema, "na sitaki kukudanganya. Huenda nitaweza, huenda nisiweze. Lakini hili moja limebaki kwa sababu ulisema." Alinyoosha mkono, akalitafuta bega la Chapchap, akalishika. "Nivushe barabara."